Radhi ya Mama Mgonjwa

Mtoto wa pwani hufundishwa kutafuta radhi ya wazazi kabla hajafundishwa kuhesabu. Akitaka kusafiri huenda kuiomba, akitaka kuoa huenda kuiomba, akifanikiwa katika kazi yake watu husema ni radhi za wazazi, na akikwama katika jambo lisiloeleweka sababu yake wazee humwuliza faraghani kama hakumkosea mama yake. Mama akiwa mahututi watoto huitwa kitandani mmoja mmoja, nao huushika mkono wake na kumwomba awasamehe waliyomkosea, wanayoyajua na wasiyoyajua, na akishatamka neno la kuridhia hutoka chumbani wakilia, lakini mioyo imetua. Mimi nimelelewa katika mila hiyo hapa Tanga, naiheshimu, na sikusudii kuipunguza hata chembe. Bali liko swali moja ambalo wazee walionifundisha adabu hawakulijibu, labda kwa kuwa hawakudhani kwamba lingeulizwa: mama aliyeshikwa na maradhi ya akili, asiyekubali kuwa ni mgonjwa, asiyetaka kumwona tabibu wala kumeza dawa, akimwambia mwanawe mbele ya watu kwamba hana radhi naye, je, radhi imeondoka?

Mama yangu mzazi alikuwa mshoni. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la mbele, na shule zilipokaribia kufunguliwa sare za watoto wa mtaa mzima zilirundikana juu ya kitanda chake, naye alizijua kwa macho, hii ya nani na ile ya nani, bila ya kuandika jina hata moja. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukopesha na mzito wa kudai. Alipoukaribia umri wa miaka hamsini ndipo alipoanza kulifunga dirisha lile. Kwanza alisema vumbi limezidi. Baadaye akasema wapitao njiani wanamtazama kwa jicho asilolipenda. Hatimaye alituambia, kwa utulivu wa mtu anayetoa habari ya hakika, kwamba jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke aliyekesha naye usiku alipojifungua mdogo wangu, hutia sumu katika maji yetu sisi tukiwa tumelala.

Aliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, si moja. Mwenyekiti, mtu muungwana, alinipa nizisome. Mwandiko ulikuwa ule wa shule za zamani, herufi zimeinamia upande mmoja kwa ulinganifu, tarehe imewekwa juu mkono wa kulia, kisha kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: KUTIWA SUMU KATIKA MAJI. Aya zilifuatana kwa mpango, mashahidi walitajwa, saa za usiku zilitajwa, na mwishoni alijiita mwananchi mtiifu na kutia saini yake. Lau mtu asiyetujua angezisoma, angeamini kwamba pana jinai, na angeshangaa kwa nini polisi hawajafika. Jambo hilo huwashinda kulifahamu wale ambao hawajapata kuishi na maradhi ya namna hii. Wao hudhani akili ya mgonjwa imezimika, kumbe yake ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kama mshoni hodari anayekata na kushona kwa uangalifu nguo nzima kwa kipimo ambacho si cha mwenyewe.

Hakuna tabibu wa akili aliyewahi kumpima, kwa hiyo sina haki ya kuyapa maradhi yake jina. Najua tu kwamba yako maradhi yaletayo dhana kama hizi, na kwamba mojawapo ni skizofrenia, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu 24,000,000 hivi ulimwenguni walikuwa wakiishi nayo, yaani mtu 1 katika kila 300 hivi, na ambayo aghalabu huanza katika ujana, ingawa kwa wanawake liko wimbi la pili, dogo kuliko la kwanza, linalofika karibu na umri wa kukoma hedhi. Jamaa zetu hawakuyajua hayo. Baba, Mungu amrehemu, alisema ni uchovu. Shangazi alisema ni husuda ya washoni wenzake. Wengine walisema ana jini, na mwalimu akaitwa kuja kumsomea, naye alimsomea kwa unyenyekevu na mama akatulia siku chache, kwa maana kisomo kina utulivu wake na mimi si mtu wa kulikanusha jambo hilo. Lakini alipoandikiwa kombe kwa zafarani alilikataa, kwa kuwa kombe nalo ni maji.

Hivyo ndivyo maradhi yake yalivyokaa bila ya tiba. Sababu moja ilikuwa sitara. Sisi watu wa miji ya pwani twajivunia kusitiri aibu za jamaa, na sifa hiyo ni njema katika mambo mengi. Huko ndiko kunakomfanya mtu aliyefilisika aendelee kupita njiani kichwa kikiwa juu. Lakini sitara ikiwekwa juu ya ugonjwa humsitiri mgonjwa na tabibu wake pia. Tulifunga mlango wageni wasimsikie. Tuliwaambia waposaji wa dada yangu kwamba mama ana shinikizo la damu, tukihofia neno lile linalozunguka mitaani kwamba nyumba ile ina wazimu. Kila mmoja wetu alijifunza kusema uongo mdogo kwa ajili ya heshima ya nyumba, na mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa ndani akiwasikiliza maadui wasiokuwako, hakufaidika kwa uongo hata mmoja.

Sababu ya pili ni jinsi nchi zetu zilivyozijenga hospitali za maradhi haya. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, zote katika zama za watawala waliokuwa na haja ya kumwondoa mgonjwa machoni pa watu kabla ya kuwa na tiba ya kumpa. Kumpeleka mama Mirembe kutoka Tanga kulikuwa ni kuagana naye. Hata Lutindi, iliyo hapo juu katika milima ya Usambara, ambayo imekuwa ikiwapokea wagonjwa tangu utawala wa Wadachi, nililijua jina lake utotoni kwa njia ya matusi ya uwanjani, kama watoto wa Unguja wanavyolijua la Kidongo Chekundu. Mahali pa tiba pakishakuwa tusi, ni nani atakayempeleka mzazi wake huko kwa moyo mweupe? Daktari Lambo wa Nigeria aliiona ila hiyo mapema, na mwaka 1954 alianza kule Aro, karibu na mji wa Abeokuta, utaratibu wa kuwapanga wagonjwa katika nyumba za vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mgonjwa akifuatana na jamaa yake wa kumpikia na kumtazama, ili tiba isiwe kisa cha kutengwa. Natamani kila mkoa wetu ungekuwa na mahali kama hapo.

Wala haikuwa kwamba dawa hazikuwako. Tangu mwaka 1952, matabibu wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris walipoanza kuwatibu wagonjwa wao kwa kloropromazini, dunia imekuwa na dawa za kupunguza dhana na sauti zinazowaandama watu hawa, na leo ziko sindano ambazo mgonjwa huchomwa mara moja kwa mwezi au karibu na hapo, akaepukana na kazi ya kumeza vidonge kila siku. Kwa mama yangu dawa hizo zilikuwa upande wa pili wa mto usio na kivuko, kwa sababu ya tatu, iliyo nzito kuliko hizo mbili: mama haoni kuwa anaumwa. Mwaka 1914 tabibu Joseph Babinski wa Ufaransa aliwaeleza wenzake habari za wagonjwa waliopooza mkono au mguu wa upande mmoja, ambao wakiambiwa wauinue mkono uliokufa hawakukiri kuwa umekufa. Haukuwa ukaidi, bali kile kiungo cha kujua maradhi ndicho nacho kilichopatwa. Baadaye wataalamu waliona hali ya namna hiyo kwa wagonjwa wengi wa akili. Xavier Amador, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kaka yake alikuwa na skizofrenia, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya jambo hilo, na shauri lake kubwa kwa jamaa ni kwamba waache kushindana na mgonjwa juu ya kuumwa kwake, wamsikilize, na watafute lile ambalo yeye mwenyewe analihitaji.

Nilikuwa nimeshafika karibu na shauri hilo kabla ya kukisikia kitabu chenyewe, nalo nilifundishwa na kikombe cha chai. Asubuhi nikienda kumwamkia, baada ya shikamoo na marahaba, mama huteleka chai ya mchaichai kwa mkono wake, huimimina katika kikombe cha bati, huinusa, kisha hunipa mimi kwanza. "Onja, mwanangu," husema, na macho yake huteremka hadi kooni pangu ayaone mafunda yakipita. Hungoja. Hunitazama weupe wa macho, hunitazama midomo. Akishatosheka hukichukua kikombe na kuinywa iliyobaki, tena kwa raha, huku akinipa habari za kuku wake. Ndugu yangu aliyeko Muscat, anayetuma fedha kila mwezi na ambaye namshukuru kwa hizo, huniambia kwa simu kwamba kwa kuonja ninampa mama haki katika dhana yake. Mimi sioni hivyo. Sijapata kumwambia kuwa chai ina sumu, wala siku hizi simwambii kuwa haina. Sumu haipo, lakini hofu ipo, na hofu ile ni ya kweli kwake kama njaa. Mtu anayemwogopa kila kiumbe anapobakiwa na mmoja wa kumwonjea chai, huyo mmoja asijitoe kwa sababu ya kutaka kushinda hoja.

Na kwa njia hiyo tumepata kidogo. Mama hakubali kuwa ana maradhi ya akili, lakini hukubali kuwa halali. Nilipoacha kuyazungumza ya akili na kuyazungumza ya usingizi, aliridhia kufuatana nami hospitalini, akapimwa, akaonekana kweli ana ile presha tuliyoizua kwa waposaji, akarudi na vidonge ambavyo huvimeza maadamu nimeikata pakiti mbele ya macho yake. Dawa ya akili bado. Lakini yuko muuguzi mmoja pale, mwanamke wa makamo, ambaye mama humwita "mwanangu" na humuulizia asipomkuta, na mimi nimeiweka tamaa yangu hapo.

Sasa nirudi katika swali. Siku moja, katika maulidi ya nyumba ya jamaa, mama aliniona nikimwamkia yule jirani yetu. Alivuka uwanja mzima, wanawake wakimpisha, akasimama mbele yangu. "Umekula yamini nao," akasema. "Umeshapewa fedha. Mimi sina radhi nawe, si duniani wala akhera." Aliyasema bila ya kupaza sauti, na hilo liliyafanya yasikike zaidi. Mzee mmoja alinivuta kando, akaniambia nikamwangukie mama yangu miguuni kabla jua halijachwa, kwa maana neno kama hilo likilala huota mizizi. Nilifanya kama alivyoniamuru. Mama aliniambia niinuke nisiichafue kanzu, akaniuliza kama nimeshakula.

Nililala na maneno yale mawili, la kuninyima radhi na la kuniuliza kama nimekula, na kwa muda mrefu sikujua lipi ni la mama na lipi ni la maradhi. Faraja yangu niliipata katika fikihi, mahali nilipopaogopa kupatazama. Sheria ya dini yetu inafundisha kwamba kalamu iandikayo amali imeinuliwa kwa watu watatu: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Mwenda wazimu akitoa talaka, talaka haisihi. Akiuza shamba, mauzo hayasihi. Akitoa ushahidi, haupokewi. Basi ikiwa sheria imezuia maneno yake yasivunje ndoa wala yasihamishe kipande cha ardhi, itakuwaje maneno hayo hayo yawe na nguvu ya kumharibia mtoto dunia yake na akhera yake? Nilimpelekea shekhe mmoja hoja hii, si kwa kubisha bali kwa kutaka anisahihishe kama nimekosea, naye alinyamaza kidogo kisha akaniambia kuwa radhi ya mama yangu ni ile aliyokuwa nayo juu yangu alipokuwa mzima, na kwamba hakuna maradhi yenye ruhusa ya kuitangua.

Ningependa kuongeza jambo ambalo shekhe hakulisema. Ikiwa kalamu ya mbinguni haiyaandiki maneno ya mama, mimi mwanawe nisiwe na daftari langu. Na daftari nilikuwa nalo. Kila mtoto wa mgonjwa analo: siku aliyonifukuza, harusi aliyoiharibu, mjukuu aliyekataa kumshika. Kuyasahau hayo ni muhali, na sidai kuwa nimeyasahau. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kulikumbuka jambo na kumdai mtu kwalo.

Tena utiifu kwa mzazi si kuyatii maradhi yake. Niliamriwa nimhame jirani, nimtaliki mke wangu anayedaiwa kuniroga, nichimbe uwanja kutafuta vilivyofukiwa. Sikuyafanya, na sioni kuwa nimeasi. Kumtii mama yangu ni kumtii yule mshoni wa dirishani, ambaye lau angekuwa na akili zake angekuwa wa kwanza kuniambia nisimfuate huyu wa leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa wakati wake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, ilhali mtu ni mkusanyiko wa hivyo viwili. Zaidi ya miaka elfu imepita tangu mwanachuoni Mwislamu alipoyasema hayo, nasi bado twaona kwamba kumpeleka mama kwa daktari wa macho ni wema na kumpeleka kwa daktari wa akili ni kumvunjia heshima.

Liko suala la nguvu, nalo limenisumbua kuliko yote. Tanzania inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake mwaka 2022, na zote mbili zina njia ambayo kwayo mgonjwa aweza kupokewa hospitalini pasipo ridhaa yake. Ndugu zangu walitaka tuifuate. Rai yangu ni kwamba njia hiyo ifuatwe bila ya kusita pale ambapo uhai umo hatarini, wake au wa mwingine, au pale ambapo mgonjwa amefikia kutokula. Si aibu wala si usaliti, na mtoto anayeifuata katika hali hiyo amemhifadhi mzazi wake. Lakini mama yangu anakula, anafuga kuku, anaoga, na mtu pekee anayemwamini ni mimi. Nikija na askari, hata hospitali ikimtuliza, huenda asimpate tena mtu wa kumwonjea chai. Mwingine aliye katika hali nyingine ataamua vingine, na simlaumu. Minyororo tu ndiyo nisiyoikubali kwa udhuru wowote, iwe ya uani kwa mganga au ya nyuma ya nyumba ya ibada.

Kwa wanangu nimeyaeleza yote, kwa maana sitara iliyonilea mimi sitaki iwalee wao. Wataalamu wanasema mtoto wa mzazi mwenye skizofrenia ana nafasi ya kuipata maishani mwake kadiri ya 10 katika 100, ilhali watu wote kwa jumla ni karibu na 1 katika 100. Nimewaambia kwamba hata kama bibi yao ana maradhi hayo, mimi niliye mwanawe ningekuwa katika wale tisini walionusurika, na kwamba wakianza kukosa usingizi na kuwashuku rafiki zao waniambie siku hiyo hiyo.

Ombi langu ni kwa masheikh na mapadri, ambao neno lao husikilizwa nyumbani kabla ya la daktari. Waambieni watu waziwazi, mimbarini na altareni, kwamba laana itokayo katika maradhi haimfungi mtoto. Mkiletewa mgonjwa msomeeni na mwombeeni, kisha mwandikieni jamaa zake kikaratasi cha kwenda kliniki, na msiwaachie wangoje mpaka atembee uchi njiani. Mzee asiyetaka kwenda kwa ajili ya akili na apelekwe kwa ajili ya usingizi, na mwanawe aliyemsindikiza asiulizwe na mtu yeyote alimkosea nini mama yake.